Kwa Rehema, kuhusu ile kazi ya Dodoma

Chumbageni, Tanga
Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Assalaam aleikum. Hujambo? Watoto hawajambo? Huku wazima, ila goti la Mama, na kipupwe ndiyo kwanza kimeanza. Salamu zako za Idi nilizipata, sikujibu, unisamehe. Nilikuwa Amani, kule msituni Usambara, wiki tatu, na kule mtandao mpaka upande kilimani.

Nimeitwa usaili! Afisa mazingira, hapo Dodoma, upande wa sera za viumbe vamizi, yaani mimea na wanyama wageni wanaowasonga wenyeji. Salehe ndiye aliyeliona jina langu kwenye orodha ya Sekretarieti ya Ajira, akanipigia saa tano usiku. Mama kafurahi mpaka kalia. Kibwana, mwenzangu wa kazi msituni, hakufurahi. Kaniambia, "Wewe mtu wa panga na jembe. Ukienda kukaa na mafaili, huku anabaki nani?" Maneno hayo yameniingia, Rehema. Leo siku ya nne usingizi siupati vizuri.

Kazi yetu unaijua. Miche ya musizi, ule mti mgeni unaousonga msitu wa Amani, tunaing'oa, ile mikubwa tunaibambua gome kuzunguka shina mpaka ikauke. Mwezi uliopita tumerudi kwenye mteremko ule ule tuliousafisha mwaka juzi na mwaka jana, tumekuta miche imeota kama mchicha. Juu yetu ndege hondohondo wanakula matunda yake na kuangusha mbegu kila wanakopita. Wala hondohondo hana kosa, yeye mwenyeji, anakula anachokikuta. Tumekaa kupumzika, Mzee Semkiwa akauliza taratibu kama kawaida yake: "Hivi huu mti, nani aliuruhusu?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niombe kazi. Maana jibu lipo. Musizi haukuletwa na upepo. Wajerumani walikuwa na kituo chao cha utafiti pale Amani tangu 1902, na mwaka 1913 wakauleta, uamuzi wa watu waliokaa mezani. Halafu miaka ya 1970 na 1980 miti mikubwa ikakatwa kwa mbao, msitu ukabaki na mapengo, na musizi unapenda jua na unakua mbio, ukayajaza miti yetu ikiwa bado inachipua. Hata kunguru hawa wanaomkera Mama uani saa hii ninapoandika, watawala wa Kiingereza ndio waliowaleta Unguja miaka ya 1890 ili wale takataka. Na mti wa mathenge kule Baringo, Kenya, ulipandwa miaka ya 1980 kwa mradi wa serikali na wafadhili, ili kuzuia jangwa na watu wapate kuni. Mwishowe wananchi wakaenda mahakamani na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake. Yote hayo yalianzia kwenye karatasi yenye saini ya mtu. Sasa mlango uliofunguliwa na karatasi, mimi nitaufunga kwa panga?

Kuna jambo jingine linalonikosesha raha zaidi. Musizi ni mti wa kwetu Tanzania, kule Kagera ni wa asili kabisa. Kwa hiyo ukiandika kwenye kanuni "mimea ya kigeni" ukimaanisha iliyotoka nje ya nchi, musizi umeponyoka, hauhusiki. Msitu wa Usambara haujui mipaka ya Jamhuri. Kwake mgeni ni yeyote asiye wa pale, hata akitoka Bukoba. Neno moja tu kwenye rasimu, Rehema, na sisi huku tunang'oa miaka kumi bila mtu kutuunga mkono. Neno kama hilo ataliona nani kama si aliyepata malengelenge kwa kuung'oa? Nataka kulisema mbele ya wasaili, ila naogopa wataniona mjuaji.

Tena usidhani nataka kwenda kutoa amri. Shangazi Mwanahawa ana musizi kumi na mbili nyuma ya nyumba, anasubiri mbao. Ukimwambia aikate leo bila kumpa miche ya mti mwingine unaokua upesi, umechukua ada ya shule ya Halima wake. Hilo nalo lazima liandikwe, na aliandike mtu anayemjua Shangazi.

Nimeanza kusoma. Sheria ya Mazingira ya 2004, Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020. Mazao wanayo Wizara ya Kilimo, misitu wanayo Maliasili, mazingira yako Ofisi ya Makamu wa Rais, na musizi umesimama katikati yao wote. Mkakati wa taifa wa viumbe vamizi ni wa 2019 hadi 2029. Maana yake atakayeingia sasa ndiye atakayeshika kalamu ya ule unaofuata. Nikiwaza hivyo naona niende. Kisha nakumbuka Kibwana yuko peke yake kwenye mteremko ule na vijana watatu...

Hebu niambie wewe uliye huko. Kazi ya meza ikoje kweli? Rasimu inapita mikono mingapi mpaka itoke? Umewahi kuandika kitu hapo, ukaja kukikuta kijijini kinafanya kazi? Wanakuruhusu kutoka kwenda porini, au ni semina tu? Kwenye usaili watanibana kwenye sheria au kwenye mambo ya mimea? Yule mama uliyesema alikusaidia kujiandaa bado yupo? Na je, naweza kulala kwako Nkuhungu siku mbili tatu, au wifi zako bado wamejaa?

Nijibu kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo napanda tena Amani, na Kibwana atataka jibu. Nikija nitakubebea machungwa ya Muheza na iliki ya kule juu, Mama keshaianika.

Wako,
Zuhura