Swichi ya redio ya taifa isikae mfukoni mwa waziri

Ndugu Mhariri,

Februari 2008 nilikuwa bado nafundisha. Siku Dk. Harrison Mwakyembe aliposimama bungeni Dodoma kusoma ripoti ya Kamati Teule juu ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, redio ya ofisi ya walimu ilisogezwa dirishani ili hata mpishi na mlinzi wasikie. Kesho yake tukamsikia Waziri Mkuu Edward Lowassa, kwa sauti yake mwenyewe, akiliambia Bunge kwamba amemwandikia Rais barua ya kuomba kujiuzulu. Hakuna aliyetuchujia wala kutufupishia. Miaka sita baadaye, Novemba 2014, ikawa hivyo hivyo kwenye sakata la akaunti ya Tegeta Escrow. Fundi baiskeli aliyekuwa na kibanda mkabala na shule yetu aliwajua wajumbe wa Kamati ya Hesabu za Serikali kwa majina, na wateja wake walimngoja amalize kusikiliza ndipo awazibie pancha.

Nimeanza na hayo kwa sababu kila mjadala wa uhuru wa shirika la utangazaji la umma unapozuka, unageuzwa haraka kuwa mjadala wa waandishi wa habari na mishahara yao. Mimi si mwandishi. Ni msikilizaji, na nadai changu.

Tarehe 27 Januari 2016 Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, aliliambia Bunge kwamba TBC, shirika letu la utangazaji la umma, haitaonyesha tena vikao vyote moja kwa moja. Sababu aliyoitoa ni gharama: zilikuwa zimefika shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Badala yake tukapewa kipindi cha saa moja, kuanzia saa nne usiku, kilichorekodiwa na kuhaririwa. Wabunge wa upinzani walipinga, mjadala ukachafuka, polisi wakaingia ukumbini kuwatoa. Wananchi hawakuiona fujo ile ikitokea. Baadaye mwaka huohuo hata vituo binafsi vikaambiwa vichukue picha kutoka studio ya Bunge yenyewe, visiingize kamera zao.

Hesabu ile ya bilioni 4.2 naomba tuitazame kidogo, maana imerudiwa mno kana kwamba inajitosheleza. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu milioni 44.9. Gawanya. Ni kama shilingi 93 kwa kichwa kwa mwaka mzima. Hainunui andazi. Kwa bei hiyo mkulima wa Namtumbo alikuwa anamsikia mbunge wake akiuliza au asiulize swali kuhusu pembejeo, na mbunge akirudi jimboni anaulizwa. Mimi ninayejua bei ya chaki na jinsi shule inavyobana matumizi siwezi kusema kwamba huo ulikuwa ubadhirifu. Na kama kweli tatizo lingekuwa fedha, jambo hilo lingejadiliwa kwenye bodi ya shirika, hesabu zikawekwa mezani, umma ukaulizwa ni kipindi gani kingine kipunguzwe. Lilitangazwa na waziri, akiwa bungeni, na likatekelezwa.

Mtu ataniambia: mwalimu, umechelewa, siku hizi Bunge liko mtandaoni, mwenye simu na bando anafuatilia kila kikao. Ni kweli, nami hufuatilia. Lakini kilichoondolewa kwa tamko la mtu mmoja kikirejeshwa kwa hisani, kinaweza kuondolewa tena kwa tamko. Ninachouliza ni swichi iko kwa nani. Na mtandao nao una swichi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini na Dar es Salaam ikawekewa marufuku ya kutembea usiku. Siku zile aliyekuwa na watoto mjini hakuwa na pa kuuliza. Simu iligeuka tochi. Tulirudi kwenye redio kama mwaka 1979, na tulipata kile tu ambacho redio iliamua kutupa. Hapo ndipo unapojua shirika la umma ni la nani: siku ambayo hakuna kingine.

Napenda haki, kwa hiyo niseme na hili. Sikuzaliwa enzi ya vyama vingi. Nimekulia kwenye Redio Tanzania Dar es Salaam, na RTD ilikuwa redio ya Serikali, haikujificha. Wakati wa vita vya Kagera ilitupa moyo, ikatuimbisha, na hatukuitaka iwe na pande mbili. Ilitutangazia misiba ya ndugu zetu wakati ambapo barua ilichukua wiki mbili kufika. Siidharau hata kidogo. Lakini 2007 nchi ilifanya jambo rasmi: ikaanzisha Shirika la Utangazaji Tanzania, ikasema sasa chombo hiki ni cha utumishi wa umma. Neno umma si pambo. Miaka mitano kabla yake, mwaka 2002, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishapitisha huko Banjul azimio la misingi ya uhuru wa kujieleza, likisema vyombo vya utangazaji vya serikali vigeuzwe kuwa vya umma na viwajibike kwa wananchi kupitia bunge, si kupitia serikali. Sisi tulibadilisha jina. Mkurugenzi Mkuu bado anateuliwa na Rais. Mwenyekiti wa bodi vilevile. Bajeti inapitia kwa waziri.

Wanaodhani kuingilia shirika la namna hii ni lazima waziri aingie studio na kung'oa nyaya hawajui kazi inavyokwenda. Mara nyingi hata simu haihitajiki. Mwaka 2010, chini ya Mkurugenzi Mkuu Tido Mhando, TBC ilirusha midahalo ya wagombea majimboni, jambo lililokuwa jipya kwetu. Tulikaa tukawaona watu wanaotaka kura zetu wakiulizwa maswali na wapiga kura wenyewe. Uchaguzi ulifanyika Oktoba 31. Mkataba wa Mhando ulipoisha Desemba, haukuongezwa. Sisemi nini kilizungumzwa ndani, sikuwemo. Nasema hivi: mweke mhariri wa zamu mwenye watoto watatu na mkopo wa benki, ameyaona hayo kwa macho yake, halafu mletee jioni habari mbili, moja ya waziri akizindua kisima na nyingine ya wananchi wakilalamika kwamba kisima hicho hakitoi maji. Hakuna atakayempigia. Atachagua mwenyewe. Na kwa kuwa kwa miaka mingi redio nyingi binafsi zimekuwa zikijiunga na TBC Taifa saa mbili usiku kwa taarifa ya habari, mhariri huyo mmoja mwenye hofu amewachagulia habari hata wale waliokuwa wamefungua redio nyingine.

Wapo wanaodhani jambo hili ni la upinzani dhidi ya chama tawala. Nawaomba wakumbuke Machi 2017. Nape Nnauye, waziri yuleyule aliyetangaza kukatwa kwa matangazo ya Bunge, alikuwa amepokea ripoti ya kamati aliyoiunda kuchunguza tukio la Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam kuingia na askari wenye silaha katika kituo binafsi cha utangazaji cha Clouds. Kesho yake akaondolewa uwaziri. Alipokwenda kuzungumza na waandishi, mtu mmoja akamchomolea bastola hadharani, mchana. Nchi nzima iliona kwa sababu kamera zilikuwepo pale. Sikufurahia siku ile, niliumia. Nilimwona mtu ambaye jana alikuwa na swichi mkononi, leo anahitaji kamera kama anavyoihitaji mwanakijiji aliyenyang'anywa shamba. Kila aliyeko madarakani ana siku yake ya kuwa nje.

Je, wenzetu wamefanyaje? Kenya imeandika vizuri kuliko sisi. Ibara ya 34 ya Katiba yao ya 2010 inasema vyombo vya habari vinavyomilikiwa na dola vitaamua vyenyewe maudhui ya matangazo yao, havitapendelea upande, na vitatoa nafasi kwa maoni yanayopingana. Maneno mazuri, lakini Januari 30, 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipokula kiapo Uhuru Park kama “rais wa wananchi”, serikali ilizima vituo vikubwa vya binafsi kwa siku kadhaa, na Juni 25, 2025 mamlaka ya mawasiliano ikaagiza vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja hadi mahakama ilipoingilia. Katiba bila watu wa kuisimamia hubaki kabatini.

Ninaowatazama zaidi ni Afrika Kusini, kwa sababu wao wameonja vyote viwili. Sheria yao ya utangazaji ya 1999 inataka wajumbe wa bodi ya SABC, shirika lao la utangazaji la umma, wapendekezwe na Bunge baada ya umma kushirikishwa, ndipo Rais awateue. Pamoja na sheria hiyo, mwaka 2016 kiongozi wa juu wa shirika, Hlaudi Motsoeneng, alipiga marufuku kuonyesha picha za waandamanaji wakiharibu mali ya umma, na uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa umekaribia. Waandishi wanane waliohoji walifukuzwa. Lakini tazama kilichofuata. Mdhibiti wa mawasiliano akaamuru marufuku ile iondolewe, mahakama ya kazi ikaamuru baadhi ya waandishi warudishwe, na Oktoba 2017 Mahakama Kuu ikaamua kwamba waziri hana nafasi katika kuwateua wakurugenzi watendaji wa SABC; hiyo ni kazi ya bodi. Mmoja wa wale wanane, Suna Venter, alikuwa ameshafariki Juni mwaka huo, baada ya miezi ya vitisho na mashambulizi, akiwa na miaka 32. Kwa hiyo sitaki mtu anielewe kwamba naona sheria ni dawa ya kila kitu. Nchini kwao palikuwa na pa kukimbilia. Kwetu mwandishi wa shirika akionewa akimbilie wapi, ikiwa aliyemwonea na anayesikiliza rufaa wote wameteuliwa na mkono mmoja?

Na wasikilizaji wa Kiswahili tusijidanganye kwamba tutaokolewa na idhaa za nje. Machi 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri, na kesho yake karibu wafanyakazi wote wa Sauti ya Amerika wakapelekwa likizo ya lazima, Idhaa ya Kiswahili ikiwemo. Redio iliyolindwa na sheria tangu 1976 ilinyamazishwa kwa uamuzi uliochukua siku mbili tatu tu. Ya wenzetu ni ya wenzetu.

Ninachoomba kwa wabunge wetu si kikubwa. TBC ipewe sheria yake yenyewe iliyopitishwa na Bunge. Bodi itafutwe kwa uwazi, majina yapite kwenye kamati ya Bunge, na bodi hiyo ndiyo imwajiri na ndiyo imwondoe Mkurugenzi Mkuu, kwa sababu zilizoandikwa. Fedha zake zipangwe kwa miaka mitano mfululizo, ili asiwepo waziri wa kuuliza kila Juni kwa nini habari fulani ilitoka. Vikao vya Bunge virushwe redioni, si kwenye simu tu, na jambo hilo liwemo ndani ya sheria. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inatupa haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yetu. Imesema wakati wote. Haikusema saa nne usiku.

Nafasi ya Mkurugenzi Mkuu itakapokuwa wazi tena, itangazwe gazetini kama zinavyotangazwa nafasi za walimu, na sisi walipa kodi tuwaone walioomba wakihojiwa, mbashara.

Mwalimu mstaafu,
Songea