Wifi inasoma lakini intaneti hakuna? Kabla hujabonyeza riseti, soma hapa

Wateja wengi wakishanunua ruta wanatupigia jioni hiyohiyo, "mbona wifi imekubali ila haifungui kitu?" Sasa wifi ni kile kipande cha kati ya simu yako na ruta tu, intaneti yenyewe inatoka kwa kampuni inakuja mpaka kwenye ruta, kwa hiyo simu inaweza kushika wifi vizuri kabisa wakati ruta haijapata kitu.

Anzia nyuma ya ruta. Kuna tundu moja limekaa peke yake au lina rangi tofauti na mengine, mara nyingi bluu, limeandikwa WAN au Internet, waya unaotoka kwenye kile kiboksi cha faiba unaingia hapo, usukume mpaka usikie "tak". Watu wanauchomeka kwenye LAN, yale matundu mengine ya kuunganishia kompyuta, taa inawaka, wanaona kila kitu kipo sawa. Tunaletewa dukani ruta zinaitwa mbovu, kumbe ni hilo tu. Na ukikuta taa ya LOS kwenye kiboksi ni nyekundu, ruta iache, mwanga wa faiba haufiki, waya umekatika au umekunjwa mahali, hiyo ni kazi ya kampuni yako.

Waya upo sawa na bado? Zima data ya simu (simu ikiona wifi haina intaneti inarukia data na ukurasa wa setingi haufunguki), halafu fungua brauza uandike namba iliyo kwenye stika ya chini ya ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Nenda sehemu ya WAN, ikisoma 0.0.0.0 ujue ruta haijapewa anwani. Kampuni nyingine zinatumia PPPoE, yaani ruta inajitambulisha kwa kampuni kwanza ndo ipewe intaneti, ina jina na pasiwedi yake, siyo ile ya wifi, waombe wakupe. Nyingine mtambo wao unakuwa bado umeshikilia ruta ya zamani, hapo zima vyote, subiri dakika kadhaa, washa kiboksi kwanza, taa zake zikitulia ndo uwashe ruta.

Hii inasumbua hata mafundi: kiboksi kinatumia 192.168.1.1 na ruta mpya nayo hivyohivyo, zinagongana. Badilisha anwani ya ruta upande wa LAN iwe 192.168.2.1, hifadhi, iache ijiwashe upya.

Wa ruta za laini, chomeka laini kwenye simu kwanza uone kama bando lipo na haidai PIN, kisha hakikisha APN, lile jina la kampuni ya laini linaloingizwa kwenye setingi ili intaneti ifunguke, imeandikwa sawa.

Ila kile kitundu cha riseti tafadhali sana usikiguse mapema. Kinafuta kila kitu, na setingi za PPPoE zinaondoka nazo, tatizo la dakika tano linageuka la kumsubiri fundi.

Ukikwama piga picha taa za mbele na ule ukurasa wa WAN, ficha pasiwedi, tutumie WhatsApp, mara nyingi tunamaliza hukohuko bila mtu kuja kwako.