Kofia ya Petr Čech

Swahibu yangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na vijana wako. Umeuliza mambo mawili kwa mpigo: kama sheria inamruhusu kipa wako kuvaa kofia ya aina ya Petr Čech, kipa wa zamani wa Chelsea na timu ya taifa ya Wacheki, na huyo Čech alikuwa na nini hasa, maana kinda wako anaijua kofia kuliko mikono ya aliyeivaa.

Nianze na kofia. Ile si helmeti. Ni kofia laini ya raga, imeshonwa kwa vipande vya sponji na kufungwa kidevuni kwa mkanda, na kanuni za raga haziruhusu sponji hiyo izidi unene wa sentimita 1. Kwenye soka utaikuta katika Sheria ya 4, ile ya mavazi na vifaa vya mchezaji. Iwe laini na nyepesi, isishikamane na jezi, isiwe na kitu kinachochomoza, isimhatarishe mvaaji wala mwenzake. Rangi iwe nyeusi au ifanane na rangi kuu ya jezi. Nunua nyeusi tu, umalize ubishi na refa.

Ila mweleze kijana ukweli. Sponji ya sentimita moja huzuia ngozi kuchanika na hupunguza makali ya goti au kiatu kinapogusa kichwa. Mtikisiko wa ubongo haiuzuii, kwa sababu ubongo huumia ndani ya fuvu pale kichwa kinaposukwa au kusimama ghafla, na kofia haina la kufanya huko ndani. Akigongwa akaona kizunguzungu, anatoka uwanjani siku hiyohiyo, awe na kofia au asiwe nayo.

Čech hakuivaa kwa mapambo. Tarehe 14 Oktoba 2006, Chelsea ikiwa ugenini kwa Reading, dakika ya kwanza haijaisha, alishuka chini kuuwahi mpira na goti la winga likampata kichwani. Mfupa wa fuvu ukabonyea kwa ndani. Akafanyiwa upasuaji na kuwekewa vibati vya chuma. Siku hiyohiyo kipa aliyemrithi golini, Carlo Cudicini, naye akagongwa akapoteza fahamu, ikabidi beki John Terry avae glovu kumalizia mechi, na Chelsea wakashinda 1-0! Čech alirudi langoni tarehe 20 Januari 2007, Anfield, uwanja wa Liverpool, wakafungwa 2-0. Matokeo hayo si kitu. Cha kutazama ni kwamba aliendelea kushuka miguuni mwa washambuliaji kwa miaka 12 mingine, kazi ambayo kipa aliyewahi kuvunjwa fuvu angeweza kuikwepa bila mtu kumlaumu.

Kuna namna ya kushuka. Mikono hutangulia kwenye mpira, kiwiliwili kinalala ubavu kama ukuta mbele ya mshambuliaji, kidevu kinabanwa kifuani na kichwa kinabaki nyuma ya mikono. Vijana wengi hutanguliza uso kwa sababu wamechelewa hatua mbili na wanajaribu kuzifidia kwa kujirusha. Kwa hiyo mazoezi yako yaanzie kwenye zile hatua mbili.

Kuhusu maisha yake, nitapita haraka. Alizaliwa Plzeň, mji wa Wacheki, tarehe 20 Mei 1982, mmoja wa mapacha watatu. Utotoni alikuwa mshambuliaji mpaka alipovunjika mguu akiwa na miaka 10, ndipo akahamia golini. Ligi kuu ya kwao aliianza na Chmel Blšany akiwa na miaka 17, akapita Sparta Prague, kisha Rennes ya Ufaransa mwaka 2002. Mwaka huohuo Wacheki walichukua ubingwa wa Ulaya wa vijana chini ya miaka 21 kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti, dhidi ya Ufaransa, 3-1. Neno tuta likumbuke, nitalirudia.

Chelsea ilimchukua 2004. Cudicini ndiye aliyekuwa namba moja, akaumia kiwiko kabla ya msimu, na kocha José Mourinho akamwanzisha mgeni. Msimu huo Chelsea iliruhusu mabao 15 katika mechi 38 za ligi, na Čech alimaliza mechi 24 bila kufungwa. Kati ya mechi hizo alipita dakika 1,025 za ligi nyavu zake zikiwa kimya, rekodi ya wakati ule. Watu husema mabeki ndio waliombeba. Mabeki walikuwa wa hali ya juu, sikatai, lakini kipa mwenye urefu wa mita 1.96 anayetoka kudaka krosi huwaondolea mabeki nusu ya kazi, kwa kuwa mpira unaodakwa hauhitaji mtu wa kuufagia tena.

Sasa tuta, ambako mimi naona ndiko alikoacha somo kubwa.

Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Alama ya penalti iko mita 11. Mpira unaokwenda kilomita 100 kwa saa unafika golini kwa takriban sekunde 0.4, na kipa anahitaji zaidi ya nusu sekunde kujirusha mpaka kwenye nguzo. Hesabu haitoki. Kipa anayesubiri auone mpira ndipo aruke ameshafungwa, labda mpigaji akosee. Lazima awe na wazo kabla.

Ndilo Čech alilokwenda nalo Munich, fainali ya Ligi ya Mabingwa, tarehe 19 Mei 2012, Bayern wakiwa nyumbani. Kabla ya mechi aliketi kutazama mkusanyo wa penalti za Bayern tangu 2007. Katika dakika 30 za nyongeza Arjen Robben wa Bayern, aliyewahi kucheza naye Chelsea, akapiga tuta. Čech akaenda upande ule ule, akaupangua na kuulalia kabla haujarudi miguuni mwa mtu. Kisha mikwaju mitano. Alikwenda upande sahihi yote mitano. Ukijumlisha na ule wa Robben, ni sita kwa sita. Philipp Lahm, Mario Gómez na kipa Manuel Neuer walimfunga hata hivyo, kwa kuwa mpira uliopigwa vizuri pembeni unapita hata kama umeusoma. Ivica Olić akadakiwa. Bastian Schweinsteiger akaguswa kwa ncha za vidole, mpira ukagonga nguzo. Chelsea wakashinda kwa matuta 4-3.

Kwa kijana wako, si lazima awe na mkanda wa miaka mitano. Awe na daftari. Kwa kila mpigaji aandike: mguu gani, kona gani, anasimama umbali gani kabla ya kukimbia, anapunguza mwendo au hapunguzi. Uwanjani atazame mguu wa kusimamia, ule unaokanyaga kando ya mpira. Ncha yake mara nyingi huelekea unakokwenda mpira. Na mguu mmoja, walau sehemu yake, ubaki kwenye mstari au juu yake mpaka mpira upigwe, la sivyo akiokoa, mkwaju unarudiwa.

Usimfundishe kumwabudu mtu. Euro 2008, Geneva, Wacheki walikuwa mbele 2-0 dhidi ya Uturuki. Ikawa 2-1, na dakika ya 87 ikaja krosi kutoka kulia, ya kawaida kabisa kwa mtu wa urefu wake. Akaitema. Nihat wa Uturuki akasawazisha, dakika mbili baadaye akafunga la tatu, Wacheki wakarudi nyumbani. Krosi hutemwa kwa sababu zinazojulikana: macho yanauacha mpira na kumtafuta mshambuliaji, mikono inaufuata juu ya utosi badala ya mbele ya paji la uso, au kipa anadaka huku akirudi nyuma. Goti moja liinuke kujikinga, vidole gumba vikaribiane nyuma ya mpira, na sauti itoke kabla ya mwili.

Kipa Thibaut Courtois aliporudi Chelsea 2014, Čech akasugua benchi, na 2015 akaenda Arsenal. Huko alifikisha mechi 200 za Ligi Kuu ya England bila kufungwa, dhidi ya Watford mwezi Machi 2018, siku ambayo pia aliokoa penalti. Alimaliza na 202, na hakuna kipa aliyewahi kufika hapo. Lakini kazi ilikuwa imebadilika. Agosti 2018, kocha mpya akitaka mpira uanzie kwa kipa, dhidi ya Manchester City nusura ajifunge kwa pasi iliyopita kando ya nguzo yake mwenyewe. Mikono ilikuwa ya kipa wa 2005 bado. Miguu haikuwahi kudaiwa hivyo. Fundisha yote mawili mapema.

Alitundika glovu baada ya fainali ya Europa League, Baku, tarehe 29 Mei 2019, wakifungwa 4-1 na haohao Chelsea. Akarudi Chelsea kuwa mshauri wa ufundi mpaka 2022. Na Oktoba 2019 akasimama golini tena, safari hii kwenye hoki ya barafu, timu ya Guildford Phoenix. Goli lake la hoki lilikuwa na upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Mechi ya kwanza ikaenda kwenye penalti, akaokoa mbili, wakashinda. Kweli mazoea yana taabu!

Kofia ikifika, aivae mazoezini kwanza, wiki mbili hivi, na apigiwe krosi nyingi. Ikimshukia kwenye nyusi anapotazama juu, ni kubwa, badilisha. Matundu ya masikio yakae sawasawa, asije akakosa kumsikia beki anayemwita.

Wasalimie wote.

Wako wa siku zote.