Kutoka GSU hadi ofisi kuu

Mhariri,

Taarifa kuhusu Inspekta Jenerali wa Polisi wa Kenya, Douglas Kanja, husifu safari yake ndefu: aliongoza GSU, kikosi maalumu cha polisi cha kukabiliana na ghasia, akawa Naibu Inspekta Jenerali, kisha akaapishwa kushika usukani Septemba 2024. Sibishi sifa hizo. Ila kuongoza operesheni ni kazi moja. Kusimamia bajeti, uhamisho na makazi ya askari ni nyingine kabisa. Katiba humpa mwenye wadhifa huo muhula mmoja tu wa miaka 4, kwa hivyo hana muda wa kujifunzia kazini.

Tume ya Huduma ya Polisi iwatake makamanda wa vikosi maalumu wahudumu vituoni kwanza, tena mapokezini, kabla ya kupandishwa vyeo. Mwananchi mwenye nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio kituoni, asiyejibiwa kwa miezi ndiye atakayewafunza utawala.

Msomaji, Nakuru