Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyumba Inayopita Kwenye Kona

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha taarifa ya kazi za chama chetu cha ujenzi wa nyumba za milimani kwa mwaka unaomalizika. Hesabu zimekaguliwa na mhazini atazisoma kwenye Mkutano Mkuu, kwa hiyo sitazigusa. Nafasi hii nitaitumia kueleza kwa nini kamati imeamua kuachana na nyumba ya boksi zima, na kuwaomba muuridhie uamuzi huo.

Mnakumbuka tulivyoanza. Tulitaka kutengeneza chumba kamili karakanani, sakafu, kuta, nyaya na mabomba yakiwa yameshafungwa, kisha tukipakie kwenye lori kipandishwe mlimani. Karakanani fundi hakimbizani na mvua, vipimo vinatoka sawa, na vipande vya mbao vinavyobaki vinapata kazi nyingine. Faida hizo bado nazikubali zote. Lakini boksi letu la kwanza lilikwama kwenye kona ya tatu. Nilikuwepo. Dereva alirudi nyuma, akasogea mbele, akarudi tena, mpaka tairi la nyuma likaanza kumomonyoa ukingo na changarawe ikawa inaporomoka bondeni. Tukamsihi aache. Chumba kilirudi karakanani kama kilivyotoka. Tangu siku hiyo ninaamini kwamba ukubwa wa nyumba ya mlimani hauamuliwi na mchora ramani. Unaamuliwa na kona iliyo kali kuliko zote njiani, na gari likifika mwisho wa barabara, unaamuliwa na mabega ya watu.

Baadhi yenu mlishauri tutumie helikopta. Ni kweli, Uswisi ina jengo la wapanda mlima la Monte Rosa, lililofunguliwa mwaka 2009 kwenye mwinuko wa mita 2,883, na sehemu zake zilipandishwa kwa helikopta. Nayaheshimu sana majengo ya namna hiyo, na tumejifunza mengi kwayo. Hata hivyo, hewa nyembamba ya juu hupunguza mzigo ambao helikopta inaweza kubeba, na familia iliyovunjikiwa ukuta haiwezi kungoja helikopta ije kuutengeneza.

Kwa hiyo tumehamia kwenye paneli, yaani vipande bapa vya nyumba vinavyounganishwa palepale mlimani. Kila moja inabebwa na watu wanne, bolti ni za ukubwa mmoja nyumba nzima, na matundu yamepangwa sawa ili paneli ya ukuta huu iweze kukaa kwenye ukuta ule. Hakuna gundi, hakuna kuchomelea. Mwenye nyumba akiwa na spana anaweza kutoa kipande kilichooza na kuweka kingine bila kubomoa.

Shida imehamia kwenye viungo. Boksi lina viungo vichache, nyumba ya paneli inavyo kila upande, na kila kiungo ni njia ya baridi. Katika nyumba ya kwanza tuliyoikabidhi, mama mwenye nyumba alinishika mkono asubuhi moja akanipeleka kwenye pembe ya chumba wanacholala watoto. Mstari wa ukungu mweusi, upana wa kidole, ulikuwa umepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa mto wa kulalia. Nimeukumbuka mstari ule mwaka mzima. Tulipofungua tukakuta mambo mawili. Sakafu ilikuwa imelala kidogo upande mmoja, hivyo mpira wa kuziba haukubanwa sawasawa. Pia bamba la chuma la kuunganishia lilipenya kutoka nje hadi ndani, likaingiza baridi, na mvuke wa pumzi na wa jikoni ukageuka maji juu yake. Sasa bamba linakaa upande wa ndani wa sufi ya kuzuia baridi, paneli zinalaliana badala ya kugusana ncha kwa ncha, na hakuna ukuta unaosimamishwa kabla pima maji haijapita sakafu nzima. Nguzo za msingi zina skrubu za kurekebisha kimo, kwa sababu ardhi ya mteremko husogea, na maji yaliyo ndani yake yakiganda huvimba na kuinua kilicho juu. Watoto wale wamehamishiwa chumba kingine hadi pembe ile ifungwe upya, kazi ambayo naitaka iishe kabla ya msimu wa baridi.

Kuhusu madirisha, tuliagiza vioo viwiliviwili vilivyozibwa kiwandani, chini kabisa, na tulipovifikisha juu vilikuwa vimetuna. Kwenye mita 3,000 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 70 ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo hewa iliyofungiwa kati ya vioo husukuma nje. Agizo jipya lina vijibomba vyembamba vya kusawazisha hewa hiyo.

Wapo wanaohofia kwamba nyumba ya vipande itasambaratika tetemeko likija. Ushahidi wa Kashmir unanipa moyo. Katika tetemeko la Oktoba 2005, nyumba nyingi za mawe ziliangukia watu, ilhali nyingi za dhajji dewari, yaani fremu ya mbao iliyogawanywa vijisehemu na kujazwa mawe na udongo, zilitikisika zikabaki zimesimama. Kila kijisehemu hucheza kidogo na kula nguvu ya mtikisiko. Pakistani baadaye iliukubali ujenzi huo katika mpango wake wa kujenga upya. Sharti ni kwamba fremu ifungwe vizuri kwenye msingi na kwenye paa, na hapo ndipo wakaguzi wetu watakapoanzia kila nyumba.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba mambo mawili: ridhaa ya kutojenga tena maboksi, na akiba ya paneli, bolti na mipira ya kuziba katika kila kijiji tunachojenga, pamoja na vijana wawili waliofundishwa kuzibadilisha.

Paneli moja ya ukuta itakuwepo nje ya ukumbi siku ya mkutano. Kabla ya kupiga kura, nawaomba mshikane wannewanne, muibebe kupanda ngazi.

Mwenyekiti