Faharasa isikatwe kwenye vitabu vya maarifa vya watoto

Mhariri,

Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari, vitabu vya kiada vimezungumzwa sana. Naomba nafasi niseme juu ya vitabu vya maarifa vya watoto, vile vya wadudu, mwili, mito na mashine, na hasa ukurasa wake mmoja wa mwishoni: faharasa, yaani orodha ya maneno kwa alfabeti pamoja na namba za kurasa yanakopatikana.

Mtoto wa darasa la tano hasomi kitabu cha mbu tangu mwanzo kama hadithi. Huingilia katikati na swali lake: kiluwiluwi anapumuaje? Bila faharasa atafunuafunua mpaka achoke. Nayo ndiyo hukatwa kwanza, kwa hesabu za kiwandani tu. Kijitabu cha kukunja na kubana pini mbili mgongoni lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4. Chenye kurasa 24 huweza kupangwa hivi: jina, taarifa za uchapaji, yaliyomo, mada tisa za kurasa mbili mbili, sherehe ya maneno magumu ukurasa wa 22, faharasa wa 23, kisha zoezi. Mwandishi akizidisha kurasa mbili, hakuna anayetaka kulipia karatasi nyingine, basi za 22 na 23 zinaliwa. Afadhali ikatwe mada.

Hata ikiwepo, huweza kuwa imetengenezwa na mtu aliyesahau ngeli. Matini inasema "viluwiluwi"; faharasa ina "kiluwiluwi" chini ya K; mtoto anatafuta V, hakuna kitu. Jino na meno, ulimi na ndimi, ni yaleyale. Mtoto aliyezoea Kiganda, ambako ekitabo huwa ebitabo, huenda akabahatisha. Mwenzake wa Gulu au Lira, kaskazini mwa nchi, ambaye lugha yake haina ngeli za namna hii, atafunga kitabu. Dawa ni mstari mmoja: "viluwiluwi, tazama kiluwiluwi". Vitenzi navyo viingie kwa shina, "pumua" chini ya P kama kwenye kamusi, la sivyo K itafurika "ku-".

Kazi hii ya faharasa ifanywe kurasa zikishapangwa kabisa, zisibadilike tena, maana picha moja ikisogezwa namba zote za mbele huhama. Kompyuta isiachiwe peke yake: ukiitafutisha "kiluwiluwi" itaruka kila penye "viluwiluwi". Maneno 30 hadi 40, safu mbili, yanatosha. Namba ya ukurasa wenye picha iwe ya wino mzito.

Na picha yenyewe iwe ya mdudu anayetajwa. Kitabu cha malaria kikichora kiluwiluwi anayening'inia kichwa chini, mrija wa kupumulia ukigusa uso wa maji, huyo ni wa mbu wa jamii nyingine, kama Culex. Wa Anopheles, mbu anayeambukiza malaria, hana mrija huo. Hulala sambamba na uso wa maji. Kando ya mchoro paandikwe umekuzwa mara ngapi, kwa sababu mdudu wa milimita chache akichorwa kwa sentimita 16, mtoto atamtafuta dimbwini akiwa na ukubwa wa samaki.

Kabla ya kuchapa, wapewe watoto sita nakala ya majaribio na maswali matano, bila msaada wa mwalimu. Neno watakalolitafuta wakalikosa liongezwe, hata kama ni neno ambalo mwandishi hakulitumia.

Mhariri wa vitabu vya watoto,
Kampala