Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maji, Gundi na Namba za Kwenye Karatasi

Ndugu wanachama,

Hesabu za ada na gharama za mafunzo atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia kazi yake. Muda wangu nitautumia kwa jambo lililotuchosha kuliko yote mwaka huu: majaribio ya gundi za kuzibia meno, na jinsi maji yalivyotuumbua.

Mnakumbuka tulivyoanza. Muuzaji mmoja alituletea karatasi ya gundi yake yenye namba nono za megapasikali (kipimo cha nguvu ya kushika), tukasema haya, tupime wenyewe. Tukaazima mashine ya kuvutia sampuli, tukakusanya meno yaliyong'olewa kwa ridhaa ya wenyewe, tukayakata, tukapaka asidi na gundi, tukajenga kompositi, yaani kizibo cha plastiki chenye rangi ya jino, juu yake. Majibu ya siku ya kwanza yalikuwa vurugu tupu. Gundi ile ile, mikono ile ile, lakini sampuli moja inang'ang'ania na ya pili inaachia kabla mashine haijaanza hata kuvuta.

Kosa lilikuwa letu. Baadhi ya meno yalilala mezani makavu wikiendi nzima, mengine yaliletwa ndani ya spiriti. Mwongozo wa kimataifa wa kazi hii, ISO/TS 11405, unataka jino lihifadhiwe kwenye maji yaliyokenekwa, kwa baridi ya nyuzi 4, na litumike ndani ya miezi 6, ikiwezekana mwezi mmoja tu. Dawa pekee ya kuzuia vijidudu inayoruhusiwa mwanzoni ni kloramini-T ya asilimia 0.5, tena isizidi wiki moja. Kemikali nyingine huingia kwenye jino na kulibadilisha. Tulikuwa tunapima makopo yetu, si gundi.

Duru ya pili tulihifadhi vizuri, lakini namba bado zikayumba. Hapo ndipo somo lilipokolea. Asidi ya fosforiki ya asilimia 35 hadi 37 ikishayeyusha madini ya dentini, sehemu ya jino iliyo chini ya gamba gumu la nje, unabaki wavu wa kolajeni, nyuzi za protini, unaoelea ndani ya maji. Ukiupuliza ukakauka, unajilalia kama chandarua kilichokatwa kamba, na gundi haina pa kupenya. Ukiuacha na dimbwi, gundi inajitenga na maji na kubaki na vitone visivyokauka. Tabaka lile la gundi na kolajeni alilolieleza mtafiti Nakabayashi mwaka 1982 halijengeki katika hali yoyote kati ya hizo mbili. Ndiyo maana daktari wa meno Kanca, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alifundisha kuacha dentini na unyevu, asetoni iliyo kwenye gundi iyafukuze maji yenyewe.

Unyevu kiasi gani? Mwenzetu mmoja alitukusanya mezani akatuonyesha: kipande cha pamba kinagusa tu na kuondoka, uso wa dentini unabaki unameremeta bila maji kutembea. Kisha akachukua bomba la hewa la kiti chetu cha mafunzo, akapuliza kwenye kioo cha mdomoni. Kioo kikajaa vitone. Tukaenda kwenye kompresa, mashine inayosukuma hewa hiyo, tukafungua koki ya chini ya tangi, yakatoka maji ya rangi ya chai. Hewa tuliyoiita kavu ilikuwa inanyunyiza maji ya kutu juu ya dentini. Sijui ni wangapi kati yetu wameigusa koki hiyo mwaka huu, na sitaki mikono inyooshwe.

Ile karatasi ya muuzaji nayo tuliisoma upya. Namba zake ni za saa 24 kwenye maji ya nyuzi 37, basi. Muda huo gundi nyingi huonekana mashujaa. Maji yakikaa miezi, huanza kuivunja gundi yenyewe na kuidhoofisha kolajeni isiyofunikwa. Vijiti vyembamba vya takriban milimita 1 ya mraba, vya kipimo alichokileta mtafiti Sano mwaka 1994, huonyesha uchovu huo mapema kwa sababu maji hayana safari ndefu ya kufika katikati. Tena jino hai lina ute unaosukumwa kutoka kwenye kiini. Jino la kwenye kopo halina.

Kwa hiyo kamati imeamua: hatutapendekeza gundi yoyote kwenu mpaka karatasi yake iseme meno yalihifadhiwaje, dentini ilikuwa na unyevu gani, na sampuli zilikaa majini muda gani. Najua wapo walionuna.

Wazee wetu waliuliza kwa nini tusibaki na glasi-ayonoma, saruji ya kuzibia meno inayovumilia unyevu na iliyotumika kwa ART, njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono bila mashine, iliyoanzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Wana hoja, na kwa watoto naendelea kuitumia. Lakini Mkataba wa Minamata wa 2013, wa kudhibiti zebaki, unapunguza amalgamu, vizibo vyenye zebaki, na meno ya nyuma ya watu wazima yatahitaji kompositi, tupende tusipende.

Kwa duru ijayo, leteni meno kwenye maji yaliyokenekwa, si maji ya betri (maana hayo nayo tumeyaona), na kopo liandikwe tarehe ya kung'oa. Fundi wa kompresa atakuwepo baada ya chakula cha mchana, koki yetu ataifungua mbele yenu.

Namkaribisha mweka hazina.